Adabu ya Kumsahihisha Mkubwa Kazini

Kumweleza mkubwa kazini kwamba kazi yake ina kasoro ni ujuzi unaojitegemea, na wafanyakazi wengi hawajawahi kufundishwa. Mtu huingia kazini akiwa amelelewa kuwaamkia wakubwa, kunyamaza wazee wanapozungumza na kutomkatiza aliyemtangulia. Kisha siku moja anaona mkuu wake amekosea hesabu, amepitisha mzigo usiofaa au ameandika dozi isiyo sahihi, na hajui aanzie wapi. Akinyamaza, kosa linaendelea. Akiropoka mbele za watu, anamvunjia mwenzake heshima, na kosa huenda likaendelea vilevile kwa sababu mazungumzo yamegeuka ugomvi. Ipo njia ya kulisema kosa waziwazi bila kumdhalilisha aliyelifanya, nayo ina hatua ambazo mtu yeyote anaweza kujifunza.

Mkubwa anayezungumziwa hapa si lazima awe bosi. Mara nyingi ni mfanyakazi aliyewazidi wenzake umri, cheo au miaka ya kazi: karani mkongwe, muuguzi wa siku nyingi, nahodha aliyezeekea ziwani, mwalimu ambaye nusu ya walimu wenzake walipita darasani kwake. Huenda hana barua yoyote inayompa mamlaka juu ya kijana, lakini neno lake lina uzito na uso wake unaogopwa. Ndiyo maana kumsahihisha ni kugumu kuliko kulalamika kwa bosi: hakuna kanuni iliyobandikwa ukutani inayosema nani aanze na kwa maneno gani.

Kirumba, mahali ambapo kazi hurithishwa

Kirumba ni kata ya Manispaa ya Ilemela, mkoani Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mashabiki wa mpira wanaijua kwa uwanja wa CCM Kirumba. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki na Kati wanaijua kwa mwalo wake na soko la samaki. Hapo hushushwa dagaa kutoka visiwani na sangara waliokaushwa kwa chumvi, maarufu kwa jina la kayabo. Mizigo hiyo huondoka kwa malori kwenda mikoa mingine ya Tanzania na nchi jirani, ikiwamo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kazi nyingi za mwaloni hazina chuo. Kujua kwa kushika tu kama dagaa wamekauka, kupanga madaraja ya samaki, kusoma mizani, kufunga gunia lisipasuke njiani, kutambua upepo wa hatari kabla haujafika: yote hayo hujifunzwa kwa kukaa kando ya mtu anayejua. Kijana hufika akiwa hajui kitu, akapewa kazi ya kubeba, akaangalia, akaulizia, na baada ya misimu kadhaa akawa na jicho lake mwenyewe.

Ugumu unaanzia hapo. Kijana anapogundua kosa la mkongwe, ameligundua kwa jicho alilopewa na mkongwe huyohuyo. Kumsahihisha kunaonekana kama kukana fadhila. Tena mwaloni watu wanajuana. Aliyekosana na mzee mmoja asubuhi huenda jioni akakuta milango mitatu ya vibarua imefungwa. Hali si tofauti sana katika zahanati, shule, karakana na ofisi za serikali. Popote kazi inaporithishwa kutoka mkono hadi mkono, heshima kwa mwalimu wa kazi ni sehemu ya kazi yenyewe.

Lakini kosa halina heshima kwa mtu. Dagaa waliopakiwa na unyevu huota ukungu ndani ya gunia, na mnunuzi aliyeko mbali huwaona wakati lori limeshasafiri siku kadhaa. Hasara hiyo hairudi kwa mzee peke yake. Inamrudia tajiri wa mzigo, makuli, dereva na jina zima la soko. Sekta ya samaki ya kanda ya ziwa ilikwisha kuonja adhabu inayowaangukia wote. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 ukazuia tena samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za uvuvi wa sumu. Wavuvi waliovua kwa halali walipoteza soko pamoja na waliokosa. Tangu hapo viwanda vya minofu vimeegemea kumbukumbu za usafi na joto zinazoandikwa kila hatua, na anayeshika kipimajoto huenda akawa mdogo kuliko wote katika zamu. Kipimo chake kina maana pale tu anapoweza kusema kilichosomeka.

Kwa nini watu hunyamaza

Sababu ya kwanza ni riziki. Kibarua anayelipwa kwa siku hana akiba ya kumvusha endapo mkubwa atakasirika. Sababu hii haifai kudharauliwa, na hakuna ushauri wa maana unaoweza kuipuuza.

Sababu ya pili ni malezi. Mtoto aliyefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu anakua akiamini kwamba la mkuu halina kasoro. Methali hiyo inamtaka mtu asikilize. Haimtaki anyamaze anapoona hatari ambayo mkuu hajaiona.

Sababu ya tatu ni shaka. Kijana anajiambia: huyu amefanya kazi hii miaka 20, labda mimi ndiye sielewi. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini shaka ni sababu ya kuuliza, na swali lina faida hata pale anayeuliza anapokuwa amekosea, kwa kuwa ataondoka amejua jambo jipya.

Sababu ya nne ni kutegeana. Watu watano wanaona mtumbwi umepakiwa kupita kiasi na kila mmoja anangoja mwenzake aseme. Kimya cha wanne kinamfanya wa tano aamini kwamba hakuna tatizo.

Kimya kilipogharimu maisha

Usiku wa kuamkia Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways, safari namba 507 kutoka Abidjan kwenda Nairobi, iliruka kutoka Douala, Cameroon, katika hali mbaya ya hewa. Haikufika dakika mbili ikaanguka kwenye kinamasi cha mikoko karibu na uwanja. Watu wote 114 waliokuwemo walikufa. Ndege ilikuwa Boeing 737-800 ambayo haikuwa na umri mkubwa.

Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa Cameroon mwaka 2010 ilieleza kwamba marubani walipoteza mwelekeo gizani. Ndege ilikuwa ikiinama polepole upande wa kulia. Rubani mkuu alitamka kwamba mtambo wa kuiongoza yenyewe umewashwa, kumbe haukuwa umeshika kazi, na msaidizi wake hakuthibitisha wala kuhoji. Tahadhari ilipolia, mkuu alizidisha kosa kwa kuielekeza ndege kulekule kulia. Maneno ya msaidizi ya kumtaka aende kushoto yalikuja wakati muda umekwisha.

Wachunguzi walitazama pia uhusiano wa wawili hao. Rubani mkuu alikuwa na umri wa miaka 52 na saa zaidi ya 8,000 angani. Msaidizi alikuwa na miaka 23 na saa zisizofika 1,000. Mmoja alielezwa kuwa mtu mwenye kauli nzito, mwingine mpole na mnyamavu. Taarifa iliutaja upungufu wa ushirikiano kati yao miongoni mwa mambo yaliyochangia ajali. Ni haki kuwakumbuka wote wawili bila chuki: kila mmoja alikuwa akifanya kazi yake ndani ya mazoea yaliyompa mkubwa sauti yote na kumwachia mdogo kuitikia tu.

Mazoea hayo hayakuwa ya Afrika peke yake. Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye barabara ya kurukia huko Tenerife, Hispania, na watu 583 wakafa. Ndege ya KLM ilipokuwa imeanza kukimbia ndani ya ukungu, fundi wa ndani ya ndege hiyo aliuliza kama ndege nyingine ilikuwa imekwisha kuondoka njiani. Rubani mkuu, mmoja wa wakufunzi wakuu wa kampuni hiyo, alijibu kwa uhakika kwamba imeondoka. Baada ya jibu hilo fundi hakuhoji tena.

Ajali ya tatu inafundisha zaidi kuhusu maneno. Desemba 28, 1978, ndege ya United Airlines ilizunguka karibu saa nzima juu ya Portland, Marekani, rubani mkuu akishughulikia hitilafu ya magurudumu. Wasaidizi wake walitaja kiasi cha mafuta kilichobaki, lakini walikitaja kama taarifa tu. Hakuna aliyesema kwa uwazi na mapema kwamba mafuta yatakwisha na ni lazima kutua sasa. Injini zilizimika, na watu 10 wakafa. Wasaidizi walikuwa wameona, tena walikuwa wamefungua kinywa, lakini walizungukazunguka, na aliyekuwa amezama katika tatizo jingine hakuusikia ujumbe uliofichwa ndani ya adabu.

Wakazi wa Mwanza hawahitaji kwenda mbali kuelewa uzito wa jambo hili. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 894, na makaburi ya wengi wao yapo Igoma. Uwezo wa meli hiyo ulikuwa abiria wapatao 430. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na gati la Ukara, Ukerewe, na watu zaidi ya 220 wakafa. Ajali za namna hii zina sababu nyingi zilizofungamana, na neno moja peke yake haliwezi kuzizuia zote. Hata hivyo chombo hakiondoki bandarini kwa mkono wa mtu mmoja. Kuna anayekata tiketi, anayepakia, anayefungua kamba na anayeshika usukani. Kila mkono katika mlolongo huo ni nafasi ya kusema, na kila nafasi inahitaji mtu anayejua kusema na mkubwa anayekubali kuambiwa.

Hatua nne zilizotoka angani

Baada ya ajali za Tenerife na Portland, wataalamu wa usafiri wa anga walikaa chini. Mwaka 1979 shirika la anga la Marekani, NASA, liliitisha mkutano kuhusu makosa ya marubani, na mwaka 1981 United Airlines ilianza mafunzo ya ushirikiano kati ya marubani na wasaidizi wao. Leo mafunzo hayo ni ya lazima katika mashirika mengi ya ndege duniani. Msingi wake ni kwamba mkubwa anabaki na uamuzi wa mwisho, lakini mdogo ana wajibu wa kusema, na anafundishwa kupanda ngazi kwa mpangilio.

Ngazi hizo kwa kawaida ni nne. Ya kwanza ni kuuliza. Ya pili ni kutaja hofu waziwazi. Ya tatu ni kupinga kwa kupendekeza jambo la kufanya. Ya nne, pale maisha yanapokuwa hatarini, ni kuchukua hatua au kusimamisha kazi.

Zikiletwa kwenye mtumbwi unaotaka kuondoka Kirumba, baharia kijana anaanza kwa kumuuliza nahodha: "Mzee, upepo huu wa leo unauonaje?" Akijibiwa kwa mkato, anataja hofu yake: "Nina wasiwasi, mzee. Mzigo umezidi na mawimbi yameanza kupanda." Asiposikilizwa, anapendekeza: "Naomba tushushe magunia kumi, au tungoje upepo utulie." Nahodha akiendelea kufungua kamba, kijana anasema hapandi, na anawaambia abiria wavae majaketi okozi au washuke. Hakuna tusi wala kelele katika kauli hizo, na hakuna hata moja yenye utata.

Faida ya ngazi ni kwamba zinampa mkubwa nafasi ya kujirekebisha mwenyewe mapema, wakati hajaaibika. Wakubwa wengi huishia kwenye swali la kwanza: wanatazama tena, wanaona, wanarekebisha, na kazi inaendelea.

Somo la chumba cha upasuaji

Hospitali zilijifunza kutoka angani, na Tanzania ilikuwa na sehemu katika somo hilo. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya hakiki ya upasuaji salama katika hospitali za miji minane duniani. Ifakara, mkoani Morogoro, ilikuwa mojawapo, pamoja na miji kama London, Toronto na New Delhi. Orodha hiyo inasomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Wote waliomo hujitambulisha kwa jina na kazi, kisha huthibitisha pamoja mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi na nini kinaweza kuharibika.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha ile haikuongeza mashine wala dawa mpya. Jambo moja ililofanya ni kumpa muuguzi mdogo ruhusa iliyoandikwa ya kumuuliza daktari bingwa swali mbele ya watu wote, bila swali hilo kuonekana utovu wa adabu. Mtu aliyekwisha kutamka jina lake chumbani huona wepesi zaidi kufungua kinywa mara ya pili.

Somo hili linafaa mbali na hospitali. Ghala la Kirumba linaweza kuwa na karatasi ya kuhakiki mzigo kabla lori halijafungwa: unyevu, uzito, idadi ya magunia, hati. Karani anaposema, "Mzee, karatasi inanitaka nishike dagaa wa gunia hili," anayesahihisha ni karatasi, na uso wa mzee unabaki salama. Mahali pa kazi penye utaratibu wa namna hiyo, adabu na ukweli havigombani.

Kabla ya kufungua kinywa

Penye orodha au pasipo na orodha, maandalizi huja kwanza. Anayetaka kusema ahakikishe kwanza kwamba anachokiona ni kosa kweli. Baadhi ya mambo yanayoonekana makosa ni tofauti ya mtindo tu: mzee anaandika hesabu kwenye daftari na kijana anapenda simu, na hesabu zote mbili ni sahihi. Hilo halistahili kikao. Mengine ni makosa halisi yasiyo na nia mbaya, na haya ndiyo yaliyowekewa mazungumzo ya faragha. Aina ya tatu ni uovu wa makusudi, kama kuchezea mizani, kughushi hati au kuomba rushwa. Huo haumalizwi kwa kunong'onezana. Una vyombo vyake vya kupokea taarifa, na anayejaribu kuusuluhisha peke yake anaweza kujikuta ameonekana mshirika.

Akishajua ni kosa, akusanye ushahidi wa macho. "Nadhani hesabu haziendi sawa" ni kauli dhaifu. "Daftari la jana linasema magunia 84 na hati ya lori inasema 80" inampa mkubwa kitu cha kutazama. Ushahidi hupunguza pia hasira, kwa kuwa watu wawili wakiinamia daftari moja wanatazama kosa badala ya kutazamana usoni.

Kisha apime athari na muda. Kosa litamdhuru nani, na lini? Kama lori linaondoka saa kumi jioni, mazungumzo ya kesho asubuhi hayana maana. Kama ni utaratibu mbovu wa kila mwezi, kungoja siku mzee akiwa ametulia ni busara.

Mahali, wakati na mtu wa kati

Mkubwa hasahihishwi mbele ya wateja, mbele ya makuli wake wala kwenye kundi la WhatsApp la kazini, isipokuwa hatari iwe ya papo hapo. Mtu aliyeaibishwa hujitetea, na anayejitetea hasikilizi. Mahali pazuri ni pembeni, wakati wa chai au kazi inapopungua, baada ya salamu kamili. Salamu haipaswi kuwa mapambo. Kijana anayemwamkia mzee wake kila siku kwa dhati amekwisha kuweka msingi. Anayekumbuka shikamoo siku ya lawama peke yake anatiliwa shaka.

Desturi nyingi za Afrika Mashariki zinaruhusu kumtumia mtu wa kati: rika la mkubwa, msimamizi mwenzake au mwanamke mkongwe anayeheshimiwa na wote. Njia hii husaidia sana pale umri unapotofautiana mno. Ina masharti mawili. Mtu wa kati awe na nafasi ya kweli ya kusikilizwa, na ujumbe uishie kwake. Habari ikishapita kwa watu watatu kabla ya kumfikia mwenyewe, imekuwa umbea, na mkubwa atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini hakuambiwa yeye.

Mpangilio wa maneno

Kauli nzuri ina sehemu tatu: kilichoonekana, kinachohofiwa, na ombi. Kwa mfano, binti anayesimamia stoo anaweza kumwambia mpanga madaraja aliyemfundisha kazi: "Shikamoo, mama. Naomba dakika mbili nikuulize jambo. Nimeshika dagaa wa magunia yale ya mwisho, bado wana unyevu. Naogopa wataota ukungu kabla ya kufika. Tunaweza kuwarudisha kwenye chanja leo kabla lori halijafungwa?"

Maneno hayo yanahusu dagaa, hayamhusu mama. Hayasemi "siku hizi umeanza kuzembea" wala "macho yako yamechoka." Yanatumia "tu," yaani kazi ni ya wote wawili. Yanamalizika kwa jambo linaloweza kufanywa leo. Tena yanamwachia mama nafasi ya kutoa sababu ambayo binti haijui: huenda magunia yale yametengwa kwa mnunuzi wa karibu.

Upo upungufu wa pande mbili wa kuepuka. Wa kwanza ni ukali: "Hivi kweli mtu mzima unapitisha mzigo kama huu?" Wa pili ni kuomba radhi kupita kiasi, mpaka ujumbe unazama. Anayesema samahani mara tano, akasifu mvua, akaulizia watoto, kisha akamalizia kwa "labda pengine tungeangalia kidogo," amefanya kama wasaidizi wa Portland. Samahani moja inatosha. Baada yake jambo litajwe kwa jina lake.

Ukubwa wa cheo nao unabadilisha mlango wa kuingilia. Kwa daktari bingwa, swali la kujifunza hufungua: "Daktari, naomba nieleweshe kuhusu dozi hii, maana faili linaonyesha mgonjwa ana kilo 12." Kwa mwalimu mkuu, kumbukumbu ya makubaliano hufungua. Kwa nahodha, hufungua hali ya ziwa yenyewe. Mlango unaweza kutofautiana, lakini chumbani hubaki kitu kilekile: ukweli uliopimwa.

Baada ya kusema

Mkubwa akikubali, aachiwe arekebishe kwa mkono wake. Kijana anayetoka hapo akasimulia mwaloni kwamba yeye ndiye aliyeokoa mzigo amevunja alichojenga, na mara nyingine hatasikilizwa.

Mkubwa akikataa, sababu zake zisikilizwe kwa makini. Uzoefu wa miaka mingi huona mambo yasiyoandikwa. Zikiwa na mantiki, mdogo ashukuru na aendelee. Zisipokuwa na mantiki na kosa likabaki, alirudie mara ya pili kwa maneno yaliyonyooka zaidi, na aandike tarehe na alichokiona. Akilazimika kulipeleka kwa msimamizi, ni uungwana kumwambia mhusika kwanza: "Mzee, nimekueleza mara mbili. Jambo hili ni zito kwangu, nitamwomba msimamizi alitazame." Kwenda mbele kwa uwazi hivyo hakuwezi kuitwa kuchongea.

Sheria za Tanzania zinampa mfanyakazi mahali pa kuegemea. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA, inamtaka mfanyakazi atoe taarifa ya hali ya hatari kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikubali mfanyakazi aachishwe kazi kwa sababu ametoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au inamtaka kuitoa, na migogoro ya aina hiyo hufikishwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa uovu wa makusudi ipo Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Vyama vya wafanyakazi kama TUICO na TUGHE vinaweza kumsindikiza mwanachama asiyetaka kusimama peke yake. Kibarua asiye na mkataba ana kinga ndogo zaidi kimatendo, hivyo kwake ni salama zaidi kusema pamoja na wenzake wawili au watatu walioona jambo lilelile.

Hatari ya papo hapo inafuta hatua zote hizi. Mkono unapoelekea kwenye mashine inayozunguka, gunia linapotaka kuanguka juu ya mtu, au sindano isiyo yake inapomkaribia mgonjwa, neno ni moja, tena kwa sauti kubwa: "Simama!" Maelezo na samahani huja baadaye, na mkubwa mwenye akili timamu hatadai kwamba alipaswa kuamkiwa kwanza.

Wajibu wa mkubwa

Mzigo wote hauwezi kuachwa mabegani mwa mdogo. Mwenye nguvu ndiye mwenye uwezo wa kuufanya ukweli uwe rahisi au ghali. Mkubwa anayetaka kuambiwa huanza zamu kwa kuuliza, "Nimesahau nini?" na hungoja jibu. Akiambiwa kosa, hushukuru kwanza, hata kama hajakubaliana, kisha hutazama. Likithibitika, hulirekebisha na kumtaja mbele ya wengine aliyeliona. Shukrani moja ya hadharani hufundisha wafanyakazi kumi kwamba kusema si hatari. Karipio moja hunyamazisha idadi ileile kwa miaka.

Waajiri nao wana sehemu yao: kuweka orodha za kuhakiki, kuchagua wawakilishi wa usalama wanaoaminika, na kutomhamisha wala kumnyima zamu aliyesema kwa nia njema. Pale mambo hayo yanapofanyika, mdogo hahitaji ushujaa ili kutaja unyevu wa dagaa au upepo wa ziwa. Anahitaji kuona vizuri, kuhakikisha, kuamkia na kusema.